Kwa Eulalie Ilikuwa Wapi

Kama una butiki pale mtaani Kadutu, basi jina lililo juu ya mlango wako huenda limeandikwa na Murhula. Saluni, famasia, kanisa lililozaliwa juzi, hata ule ukuta wa kiwanja wenye maneno "Parcelle hii haiuzwi", vyote vimepitia mkononi mwake. Ni mtu wa Cimpunda, umri unakaribia hamsini, mguu wa kushoto anauburuta kidogo kwa sababu ya risasi iliyompata akiwa kijana. Fundi mzuri, tusimnyime haki yake. Lakini ana ugonjwa mmoja: anauliza. Umemwambia aandike "Chez Maombi", yaani kwa Maombi, hagusi rangi mpaka ajue Maombi ni nani, ni mke au ni binti, na kama amekufa, amekufa lini.

"Papa Chris," mke wake Noëlla humwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "watu wamekuita uandike. Hawakukuitia mahojiano."

"Kuuliza si ujinga," yeye hujibu, na kesho anarudia yale yale.

Siku za Jumapili, baada ya misa ya pili, Murhula hupanda kwa Raphaël, muuza mbao, ambaye zamani za vita alikuwa mkubwa wao. Pale hukutana na wenzake wa zamani, vijana wa Kabare na Walungu walioingia msituni mwaka wa tisini na nane, wakarudi watu wazima. Wanakaa juu ya mbao ambazo hazijanunuliwa, kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kinazunguka, na hadithi ni zile zile. Murhula huja na kaye, daftari lake. Anaandika majina ya kambi zao zote, na kila jina lilitoka wapi.

Na ujue kwamba hao vijana hawakutumia majina ya vijiji. Kwanza, kwenye radio adui alikuwa anasikiliza. Pili, nusu yao hawakuwa wenyeji wa kule, hata jina la kijiji hawakulijua. Basi waliita mahali kwa lile lililowapata. "Radio" kilikuwa kilima pekee ambapo kiredio chao kilishika habari. "Chumvi Hakuna" haihitaji maelezo. "Avoka" ni pale kampuni nzima ya askari hao ilipokula avoka mbichi, yaani maparachichi yasiyoiva, ikaharisha siku tatu, na siku hizo adui angekuja na fimbo tu angeuchukua mlima bila jasho. Wazee wazima wanacheka mpaka wanashika mbavu wakisimulia hiyo Avoka.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi wakafika kwenye jina la "Kwa Eulalie". Eulalie alikuwa mama aliyewapikia. Ndiyo, mama huyo aliwafuata msituni na sufuria yake, na wengi wao wako hai leo kwa sababu yake.

"Kwa Eulalie ilikuwa Lwashunga," Raphaël akasema, "pale juu ya barabara, kwenye ule muti mukubwa."

"Wapi," akasema Bisimwa, ambaye tangu zamani hakubali kitu. "Lwashunga tulifika nyuma ya hapo. Kwa Eulalie ilikuwa Cirhagabwa, kule kwa mianzi. Miye nililala pale miezi mine, unanifundisha?"

"Umezeeka, Bisimwa."

"Nimezeeka, lakini mianzi na barabara bado naweza kutofautisha."

Watu wakacheka. Murhula naye akacheka, akafungua kaye aandike pande zote mbili, maana ubishi kama huo ndio chakula chake. Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama hapo.

Tuseme wazi kilichompata. Murhula alikuwa na rafiki, Zagabe, kijana wa Nyantende. Walitoka nyumbani siku moja, wakala sahani moja. Murhula alipopigwa risasi ya mguu, alipelekwa kufichwa kwenye kituo cha afya cha wamisionari, akakaa miezi mitatu. Aliporudi alikuta kampuni iko Lwashunga, na Zagabe hayuko. Wakamwambia, "Tulimuzika kwa Eulalie, chini ya muti." Murhula akageuka, akaona sufuria ya Eulalie, akaona mti, na chini ya mti akaona udongo uliopanda. Alilia pale mpaka jioni. Mtu anayeuliza kila kitu, siku hiyo hakuuliza hata neno moja.

Vita vilipotulia alikwenda Nyantende kumpa habari mama wa Zagabe, mama Cibalonza. Mama alitaka jambo moja tu: aonyeshwe kaburi. Murhula akampeleka Lwashunga. Na tangu siku ile, miaka makumi mbili, kila tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya kuombea marehemu, mama anapanda kule na jembe lake dogo. Anapalilia, anasema rozari, anamweleza mwanawe habari za nyumbani, nani ameoa, ng'ombe gani amezaa. Mwaka huu magoti yamekataa. Akaagiza msalaba wa simenti, usimame badala yake. Msalaba ulikuwa tayari uani kwa Murhula, umekauka, unangoja aandike jina la Zagabe. Zilibaki wiki tatu.

Sasa kama Bisimwa alikuwa anasema kweli, jina hilo lingewekwa juu ya mtu mwingine.

Murhula hakungoja kasiksi iishe. Asubuhi yake alipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Bagira, akateremka Kasha, alikosikia Eulalie anakaa, akiuliza mlango kwa mlango, na hilo angalau analiweza. Alimkuta Maman Eulalie uani kwake amekaa kwenye kigoda, anachambua sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Amekuwa mnene, nywele zimekuwa nyeupe, lakini sauti ni ile ile iliyokuwa inafukuza askari kwenye sufuria.

"Murhula wa mguu," akasema, hata kabla hajasalimiwa. "Kumbe bado uko muzima. Ikala."

Murhula akakaa, akaeleza ubishi wa Jumapili. Maman Eulalie akamsikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini.

"Miaka yote hii munabishana ju ya nyumba yangu," akasema, "na hakuna hata mumoja alikuya kuniuliza miye."

Murhula akaona aibu. Ni kweli, na ni aibu kweli. Wanaume kumi wanagombana juu ya jiko, na mwenye jiko yuko hai, safari ya moto moja tu kutoka kwa Raphaël.

"Sasa sikiliza. Nilitafuta mafiga mara ine." Akainua vidole. "Ya kwanza, kando ya muto. Ya pili, kwa mianzi, Cirhagabwa. Ya tatu, Lwashunga. Ya ine, sikupika hata siku mbili, tukakimbia. Fasi ine, jina moja. Ninyi mulikuwa munahama, na jina inawafwata, ju chakula njo ilikuwa inawafwata. Raphaël iko na haki, na Bisimwa iko na haki."

"Zagabe je, Maman? Alikufia wapi?"

Alijua jibu kabla halijatoka. Alitamani mama huyu asahau, azeeke hapo hapo, aseme sijui.

"Kwa mianzi," akasema Eulalie, polepole. "Yee njo alikuwaka ananibebea sufuria. Tulimuzika chini ya muti wa musebeya, ule mumoja tu ulikuwa pale. Miye njo nilitoa kikwembe cha kumufunika, ya kijani, yenye ndege. Nilikuwa na mbili tu." Akamtazama usoni. "Haukujua?"

"Na ule wa Lwashunga? Kuna kaburi pale chini ya muti."

"Ule tulimukuta pale. Nilitaka kuweka mafiga karibu na ule muti, nikaona udongo umepanda, nikaogopa, nikasogea. Nani alimuzika, sijui. Njia ile ilipitwa na watu mingi."

Murhula alirudi Cimpunda, hakuna alichoandika kwenye kaye. Usiku hakula. Noëlla alipojua sababu, akaondoa sahani mwenyewe.

"Ungenyamaza," akasema mwishoni. "Mama iko na miaka makumi nane na kitu. Andika jina, tia msalaba, acha mama afe na roho yake imetulia."

Hilo Murhula alikuwa amekwisha kuliwaza njiani, mara tatu. Tusimhukumu, nani asingeliwaza? Lakini fundi wa majina anajua kibao kilichowekwa mlango usio wake kinafanya nini: kinapoteza watu. Na Zagabe alikuwa kule kwenye mianzi, miaka makumi mbili, bila mtu wa kumwambia ng'ombe gani amezaa. Murhula akalia mbele ya mke wake, bila kujificha.

Siku ya Jumatano akaenda Nyantende. Mama Cibalonza alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua, anabambua maganda ya maharagi kwa mkono, moja moja. Akamkaribisha, akaagiza aletewe ndizi. Murhula akasema hapana, Mama, nisikilize kwanza. Akapiga magoti, mguu ule ukauma, akasema yote bila kupamba: jina lililohama, mianzi, kikwembe chenye ndege, na kwamba yeye Murhula alimpa jina tu na hakumpa mahali. Akamwomba msamaha.

Mama Cibalonza aliendelea na maharagi. Aliyamaliza yale yaliyokuwa mapajani, akakung'uta nguo.

"Kikwembe kilikuwa na ndege gani?" akauliza.

"Sijui, Mama. Alisema ndege tu."

"Eulalie ataniambia. Utamuleta hapa, nimushukuru." Kisha akatazama njia inayoteremka kuelekea mjini. Murhula akabaki pale chini, hajui kama ainuke au akae.

"Basi nani ule nilikuwa ninamwombea?"

"Hatumujui, Mama. Walimukuta pale."

"Miaka makumi mbili." Akatikisa kichwa. "Nilimwambia siri zangu zote. Nilimwambia hata za baba yake." Na hapo akacheka, kicheko chembamba chenye machozi, akajipangusa na ncha ya kitambaa. "Alinisikiliza vizuri, sasa miye nitamwacha namna gani? Mama yake hajui hata kama mutoto yake iko na fasi."

Akamshika Murhula bega, akamwinua.

"Mutanipandisha kule kwa mianzi mukinibeba mabegani kwa kipoyi, weye na hao wenzako wanabishanaka. Wabebe, wataacha ubishi. Na unitengenezee musalaba wa pili."

"Ndiyo, Mama. Ya Zagabe najua. Ile ya Lwashunga, niandike nini?"

Mama alifikiri. Kuku akapita katikati yao akidonoa maganda, mama akamfukuza kwa mguu.

"Andika Mutoto wa Cibalonza," akasema. "Lakini ya Zagabe tia rangi ya mafuta. Ile ingine tia ya maji, ili mama yake mwenyewe akifika siku moja, aweze kuifuta."