Mama Aliyekatiza Hotuba kwa Wimbo

Wiki iliyopita nililetewa habari kwamba mama aliyekuwa akituanzishia nyimbo kanisani, kule kwetu karibu na Kosele, amefariki. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na nasikia sauti ilimwacha miaka kadhaa kabla ya pumzi. Hata hivyo nililia. Hakuwa ndugu yangu. Tulikuwa watu wa kuonana Sabato hadi Sabato, tukapeana mkono na kuulizana habari za mvua. Lakini katika miaka yote hii ya kuwachambulia hapa maneno ya wanasiasa, hakuna aliyenifundisha kazi hiyo zaidi yake.

Wasomaji wangu vijana hawawezi kuyajua makambi ya kanisa ya miaka ya sitini. Waumini walikuja kwa miguu na kwa mikokoteni ya ng'ombe, wengine kwa mashua kutoka Takawiri, wengine kutoka upande wa Migori, Wajaluo kwa Wakuria, wakajenga vibanda vya mafunjo na kukaa humo juma zima. Ijumaa akina mama walipika chakula cha siku mbili, maana Sabato moto hauwashwi, na mimi sijapata tena samaki mtamu kama yule wa jana yake aliyeliwa na ugali uliopoa. Hatukuwa na kinanda. Mama huyo alikaa safu ya mbele akiwa na kitambaa cheupe kichwani, na wimbo ulipohitajika aliuanzisha kutoka kifuani mwake. Akianza, kila mtu husimama, hata mhubiri. Hakuna aliyetufundisha hivyo, ndivyo tulivyokuwa.

Sabato moja, chama tawala kilipokuwa kimepasuka kambi mbili na ndugu wa mji mmoja hawasalimiani, kiongozi mmoja mkubwa alikuja makambini akaomba kusalimia tu. Siasa siku ile ilikuwa mwiko, naye alijua. Hotuba yake nimeirudia kichwani mara nyingi, na kwa ufundi sijaona ya kuishinda. Alianza kwa kutusifu kwa yale tuliyojivunia kimoyomoyo: kwamba hatunywi, hatuvuti, na siku sita tunafanya kazi kama mchwa. Kisha akaingia katika Maandiko, akatusimulia kisa cha watu waliojenga upya ukuta wa mji wao huku wengine wakisimama kando na kuwadhihaki. Hakutaja chama wala kura. Alianza na "ninyi", na kabla hatujatambua alikuwa anasema "sisi". Akatuuliza maswali mafupi, ambayo jibu lake lilikuwa moja tu. Je, tujenge? Amina! Je, tuwaogope wenye dhihaka? Amina ikatoka kabla hatujajua tunakubali nini.

Ndipo akashusha sauti. "Ndugu zangu, hao wabomoaji hawako mbali," akasema. "Mmoja tumekaa naye hapa hapa. Anafundisha watoto wetu." Vichwa vyote vikageuka. Mwalimu wa shule yetu, ambaye kila mtu alijua yuko na kambi ya pili, alikuwa ameketi na mkewe karibu na nguzo. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni chini yake, na niliuona mkono wa mkewe ukimshika goti. Haikuwa aibu tu. Mwezi ule ule, ng'ambo ya Rodi Kopany, mtu aliyetajwa hivyo hadharani alichomewa ghala na boma, akahama na watoto gizani. Kiongozi akanyamaza ili neno lizame, kwa kuwa msemaji hodari hujua kwamba hata kimya huhubiri. Wahenga walisema neno zuri humtoa nyoka pangoni. Hawakutuambia akishatoka humuuma nani.

Katika kimya hicho mama akaanzisha wimbo. Na haukuwa wimbo wowote tu, ulikuwa ule wa wito, unaoimbwa mwisho wa mahubiri ili mwenye kuguswa moyo aende mbele kuombewa. Umati ukasimama. Kiongozi naye akaimba, angefanyaje? Ubeti wa pili ulipoanza mwalimu akatoka pale penye nguzo, akaenda mbele polepole, akasimama bega kwa bega na yule aliyemshtaki. Wakafuata wengine, wengi wao wale wale waliopaza Amina. Mzee wa kanisa hakuwa na la kufanya ila kuwaombea wote pamoja. Watu walilia. Baada ya Amina ya maombi hakuna aliyeweza kurudi kwenye ile hotuba, na mwalimu alilala nyumbani kwake usiku ule, na kila usiku baadaye.

Miezi ikapita ndipo nikamuuliza mama kama alikuwa mtu wa kambi ya mwalimu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi? Nyathina, mwanangu, ile hotuba ilikuwa tamu sana. Kura yangu nilimpatia huyo mkubwa."

"Sasa, mama, mbona ulimkatiza?"

"Watu walikuwa wanasema Amina na yeye hajamaliza kusema. Hiyo si maombi tena. Na mwalimu ni wetu."

"Kumbe mwalimu ni rafiki yako?"

"Rafiki gani! Ng'ombe yake inakula mahindi yangu kila mwaka. Hiyo nitamwambia mwenyewe, kwa mlango yake."

Siku hizi hakuna ibada isiyo na mgeni wa heshima, na vipaza sauti vimekuwa vikubwa hata sauti ya mama mmoja haiwezi kuvishinda. Nikisikiliza hotuba hizo bado navutiwa na ufundi; ni ugonjwa wangu. Lakini siupimi tena utamu wake. Ninageuka nyuma nikaangalia nyuso, nikajiuliza swali moja: je, kila aliyekuja kuisikiliza ataweza kurudi kwake salama? Kama yupo hata mmoja asiyeweza, basi ni wakati wa mtu kuanzisha wimbo, hata kama msemaji ndiye atakayepata kura yake.