Ndama wa Jirani

Leo nimekimbia mbio za kuruka viunzi na maji katika nchi ya mbali. Viatu vimelowa, nimevianika dirishani, na kutoka uwanjani inapanda harufu ya nyasi zilizokatwa. Inanirudisha shambani kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, asubuhi moja ya baridi baada ya mvua.

Mimi na mama tulikuwa tunapalilia maharage. Mara jirani yetu, bibi wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, akapiga yowe: ndama wake amekata kamba, anakimbilia barabarani kwenye malori.

Nilitupa jembe. Niliruka tuta, nikaruka jingine, udongo wa baridi ukipenya katikati ya vidole. Mbele kulikuwa na kijito kilichofurika, ambacho mama alinikataza kabisa kukisogelea. Nilisimama, nikageuka kumtazama.

"Unangoja nini? Ruka!" mama alinipigia kelele.

Niliruka. Mguu mmoja ulitua ng'ambo, mwingine majini, nikaendelea. Nilimdaka ndama hatua chache kabla ya lami, tukaanguka wote majanini, akanilamba shavu kwa ulimi wake unaokwaruza.

"Wabeja, mjukuu wangu! Asante!" bibi alipaza sauti kutoka upande wa pili wa kijito, akipiga makofi.

Kisha mama akatokea, khanga imelowa hadi kiunoni, jembe bado mkononi.

"Na mimi nimeruka," alisema huku akihema. "Nimetua katikati."

Nilicheka mpaka nikakaribia kumwachia ndama.