Siku Herode Alipoinua Upanga kwa Wimbo wa Malaika

Aibu yangu inajulikana Hasamba nzima, kwa hiyo sina cha kuficha. Hata leo nikipeleka mahindi mashineni lazima mtu aniulize, "Baba Tumaini, Herode hajambo?" nami nimechoka kujibu, basi nieleze mara moja, wa kucheka acheke, kisha mniache nipumzike.

Mimi ni fundi redio niliyestaafu, na ni mzee wa kanisa, na Mungu amenijalia macho ambayo bado yanaona skrubu ndogo (namshukuru kila asubuhi). Kanisani kwetu igizo la Krismasi lilikuwa la Mama Atupele, kiongozi wa akina mama, miaka na miaka, watu wakivaa mashuka meupe aliyoshona mwenyewe. Mwaka juzi nikasimama kwenye baraza la kanisa nikasema safari hii tutumie sanamu za mbao zinazoendeshwa na mota, maana watu husahau maneno lakini mota haisahau. Nilisema hivyo yeye amekaa palepale. Aliyakunja tu mashuka yake akayarudisha kapuni, na nikajua kwamba nikishindwa nitakuwa nimemnyang'anya mama wa watu kazi yake bure.

Sanamu zilikuwa nyingi, malaika upande mmoja, Herode na askari wake upande wa pili, kwa hiyo nilihitaji bodi mbili za PWM, yaani vile vibao vinavyopokea amri na kuzigawa kwa mota kumi na sita kila kimoja. Nikaenda Tunduma. Dada muuza vifaa akanitandikia aina mbili, moja ina swichi za kuipa namba, nyingine haina, ila bei yake nafuu. Nikachagua nafuu, maana sadaka ya wakulima wa kahawa haichezewi.

"Sawa baba, hizi ni nzima kabisa," akasema, "ila zote zinatoka kiwandani na namba ileile. Ukizifunga pamoja, moja uidondoshee risasi ya kulehemu hapa pembeni, ibadilike namba. Tumeelewana, mukwai?" (Ndiyo "bwana" ya ng'ambo ya mpaka, amezoea wateja wa huko.)

"Mwanangu, mimi nimelehemu redio kabla mama yako hajaolewa."

"Haya baba. Nimesema tu."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nyumbani nilijaribu bodi ya kwanza, malaika wakapiga mbawa, nikaichomoa, nikajaribu ya pili, Herode akainua upanga vizuri mno hata mke wangu akasogeza kiti. Lakini zote mbili kwa pamoja sikuzijaribu, meza ilikuwa ndogo, na Jumamosi tulipozifunga kanisani umeme ukakatika, nikasema Bwana atafanya.

Siku yenyewe kanisa limejaa, wageni mpaka kutoka Isansa, kwaya ikaanza kuimba utukufu, malaika wakainua mbawa, na Herode akainua upanga. Mbawa zikashuka, upanga ukashuka. Ni kama unapoita "Mama Neema" kanisani kwetu, wanageuka wanne, kwa sababu bodi zote mbili zilijibu namba moja, na Herode akawa anatii amri za malaika. Mchungaji, aliyekuwa akisoma habari yenyewe, alipofika pale Herode anapokasirika, amri yangu ikaenda kwa namba ya pili, ambayo haikuwepo, na Herode akatulia kama mtu aliyeshiba.

Nikainama chini ya jukwaa kumkatia Herode umeme, jasho linanitoka, nikachomoa waya. Kumbe nimechomoa wa malaika. Kwaya ikarudia utukufu, na kanisa zima likamwona Herode peke yake, juu ya hori la mtoto Yesu, akisifu kwa upanga. Hata mchungaji alificha uso ndani ya Biblia.

Kwenye mabenchi ya akina mama sauti ikasema, "Baba Tumaini, mota imesahau?"

Mama Atupele akainuka na kapu lake (alikuja nalo, sijamuuliza kwa nini), akawagawia wenzake mashuka, na kwa dakika chache tukawa na malaika wa kweli, wanene kwa wembamba. Kisha akanitazama nikiwa bado nimepiga magoti na waya mkononi. "Toka huko chini. Herode tunaye."

Nikasimama na upanga wa mbao, Herode sasa ni mimi, mbele ya wajukuu zangu, nikasahau maneno yote.

Kesho yake nilidondosha lile tone la risasi. Lilichukua muda wa kuombea chakula, na bodi zikatii vizuri kabisa, sebuleni, bila mtu wa kuziona. Siapi, maana tumefundishwa tusiape, lakini sitamkatiza tena anayenieleza jambo, awe muuzaji au Mama Atupele. Krismasi iliyopita nilimwomba radhi barazani, mbele ya walewale. Akakubali, akanipa nafasi ileile.

"Ila upanga," akasema, "utainua nikikuambia."

Nikamwomba arudie mara mbili.