Kabari Niliyopikia Muhogo

Mkiniuliza nimeogopa nini zaidi katika maisha yangu, nitawaambia kipande cha mti. Chekeni, chekeni tu. Nyinyi hamkuwako.

Mume wangu alirudi kutoka vitani akiwa dereva, na dereva wa jeshi hafanani na dereva mwingine. Alijua kuendesha lori na alijua kufoka. Vita vilipokwisha, jeshi likawa linauza magari yake makuukuu, naye akanunua lori moja kule upande wa Miritini. Lilikuwa limechoka, rangi imebabuka, na breki zake za kubembeleza. Ukikanyaga mara moja halikusikii. Ukikanyaga mara ya tatu ndipo linaanza kufikiri. Breki ya mkono nayo ilishika siku iliyojisikia. Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba Changamwe, na nia yake ilikuwa tuhamie kwao Likoni kwa lori hilo hilo, sisi na vyombo vyetu, tukakae na mamake.

Siku tatu nzima alikusanya vifaa vya safari. Mngedhani tunakwenda Uganda! Jeki, spana, pampu ya mkono, tyubu mbili, viraka na gundi yake, plagi, mkanda wa feni, waya, mnyororo wa kukokotea, debe la maji, na kipande cha sabuni ya mche cha kuziba tangi la petroli likitoboka. Kila kimoja alinionyesha na kunieleza, mimi nimesimama mbele yake nimenyooka kama niko paredi. Mwisho akanipa kabari, gogo fupi la mti mgumu lililochongwa likawa jembamba upande mmoja. Gari likisimama mlimani, unaitia chini ya gurudumu lisirudi wala lisitangulie. "Hii kazi yako," akaniambia. "Utakaa nyuma na vyombo. Nikiita kabari, sitaki kuita mara mbili."

Nami nilimwogopa, nisiwafiche. Mwezi ule nilikuwa nimeshamuunguzia shati kwa pasi, halafu nikasahau kufunga mlango tukaibiwa taa. Siku ya taa hakufoka. Alisema polepole, tena mbele ya mamake aliyekuwa amekuja kutusaidia kufunga mizigo, "Kosa moja jingine nakurudisha kwenu. Na mtoto atabaki na mama." Mtoto wetu alikuwa na miezi saba. Wa kabla yake nilikuwa nimemzika.

Asubuhi ya kuhama ilinyesha mvua ya kumwaga. Kuni zangu zote zilirowa chepechepe, nikapuliza jiko mpaka macho yakawa mekundu, moshi mtupu. Muhogo umo sufuriani, watu wana njaa. Nyuma ya mlango nikaona kipande cha mti, kikavu, kimepakaa mafuta ya gari. Haki ya Mungu, sikufikiri hata kidogo. Nilichukua shoka nikakipasua vipande vinne, nikatia motoni. Kikashika mara moja! Nilifurahi, nikaanza na kuimba. Muhogo ulipoanza kutokota ndipo nikakumbuka kile kilikuwa nini, nikaacha kuimba.

Tulipokwisha kula, mume wangu akasimama kando ya lori akaanza kuita vifaa, kama walivyofanya huko jeshini kabla gari halijaondoka. Yeye anaita, mimi naangalia ndani ya kisanduku cha vifaa najibu.

"Jeki?"

"Ipo."

"Pampu?"

"Ipo."

"Sabuni?"

"Ipo."

"Kabari?"

Mama mkwe wangu alikuwa pale pale, mtoto mgongoni, kipande cha muhogo mkononi. Aliangalia jiko, akaniangalia mimi.

"Ipo," nikasema.

Mume wangu akavua kofia, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa lori, kwa safari, na kwa vifaa vyote kutimia. Amina yangu haikutoka vizuri.

Mama na mtoto wakapanda mbele. Mimi nikapanda nyuma, nikakaa juu ya godoro. Kutoka Changamwe njia inashuka kwenda Makupa, na lori lilipoanza kushuka nilishika ubao wa ubavuni kwa mikono miwili, nikawa nasema kimoyomoyo, usiite, usiite, tafadhali usiite. Hakuita. Alishusha gia, injini ikanguruma, tukafika chini salama. Hapo rejeta ikachemka, akasimama mahali tambarare ili atie maji.

Nikashuka mbio. Nilitafuta pembeni mwa barabara nikapata jiwe zito, nikaliinua nikalipakia nyuma, kwenye vyombo. Nilidhani hakuniona.

"La nini hilo?"

"La... la kusaidia kabari."

"Jiwe linateleza. Jiwe linapasuka. Nimeona mtu akifa kwa sababu ya jiwe. Litupe."

Nikalitupa. Pale ndipo nilipopaswa kusema, najua. Maneno yalinifika mdomoni kabisa. Nikamtazama mtoto wangu dirishani amelala begani kwa bibi yake, nikayameza. Mjinga mimi! Niliogopa kunyang'anywa mtoto, nikamwacha aendelee kukaa kwenye gari lisilo na kabari.

Tukavuka kisiwa, tukafika kwenye feri ya kwenda Likoni. Mnaujua ule mteremko wa kuingilia majini. Feri ilikuwa bado ng'ambo. Mume wangu akalisimamisha lori juu ya mteremko, akavuta breki ya mkono, akazima injini kuokoa petroli. Mbele yetu, chini kabisa, watu wa miguu walikuwa wamekaa na vikapu vyao wakingoja. Nilihesabu pumzi zangu. Nikasikia kitu kikilia chini ya gari, kwii, kama mlango wenye kutu. Kisha vyombo vikagongana, nami nikaona ukuta wa pembeni unarudi nyuma.

Ukuta haurudi nyuma, jamani. Sisi ndio tuliokuwa tukienda mbele.

"Kabari!" akaita.

Nikaruka chini, nikaanguka kwa magoti, nikainuka nikakimbia kando ya gurudumu mikono mitupu. Sijui nilitaka kufanya nini. Labda nijitie mwenyewe.

"Kabari!" Hiyo ilikuwa mara ya pili.

"Haipo!" nikapiga ukelele. "Haipo! Haipo!"

Watu walianza kukimbia, vikapu vikapinduka. Mume wangu akakata usukani wote, lori likajitupa kwenye ukuta wa mawe upande wa kushoto, likakwaruza, likagonga, likasimama. Gurudumu la mbele halikuwa na hatua kumi kufika majini. Kwanza kukawa kimya. Ule ukimya sitaki kuukumbuka. Halafu mtoto akalia, nami nikakaa chini kwenye tope.

Mume wangu alishuka akishikilia mkono wake wa kulia, umevunjika kifundoni. Alinijia akasimama mbele yangu, akauliza kwa ile sauti ya chini, "Kabari iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, mama mkwe akaita kutoka garini.

"Niliitia motoni mimi. Kuni zilikuwa zimerowa."

"Mama!"

"Nilidhani ni kuni. Mke wako hakujua. Sasa njoo unipokee mtoto, mimi sina nguvu ya kushuka."

Alimtazama mamake. Mimi sikumtazama yeyote. Kisha akaenda akampokea mtoto kwa mkono uliobaki, na jioni ile pale Likoni hakumwamkia mamake wala hakula chakula chake. Mwezi mzima alikula kwa jirani.

Siku ile ile ya ajali nilimfuata mama mkwe jikoni. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Mimi ndiye niliyeichoma. Na uliniona."

"Nilikuona, nami nikanyamaza kama wewe. Sote tuliula ule muhogo." Akapuliza makapi. "Mimi hawezi kunirudisha kwetu. Wewe angekurudisha leo."

Akaniambia nimnyonyeshe mtoto, kwani tangu feri hajatiwa kitu kinywani.