Injini Nimeifunga Mimi, Sifa Kachukua Kaka Yangu

Admin amekubali kunifichia jina, kwa hiyo nitasema yote.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, naishi Garissa. Marehemu aabo, baba yangu, alikuwa fundi wa malori yanayopanda Mandera, na mimi ndiye mtoto aliyeshinda naye gereji. Alipofariki, gereji ikawa ya kaka yangu. Yeye hukaa mbele na wateja, mimi niko nyuma ya mabati na spana. Mji mzima unajua fundi ni yeye.

Kaka akaingiwa na wazimu wa mashindano ya magari, yale ya kukimbia moja kwa moja kwa sekunde chache. Tulikuwa na injini kubwa ya V8 kutoka pikapu ya Kimarekani iliyokufa. Nikatoa krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nikaweka yenye mkono mrefu zaidi ili pistoni zipande na kushuka safari ndefu, injini ipate nguvu. Vyuma vinavyoshika pistoni vikawa vinagusa bloku, yaani mwili wa injini. Nikawa nakwangua bloku kwa ndani, napima, nakwangua tena. Mwaka mzima. Kaka hakukaza hata nati moja.

Siku ya mashindano akawashinda wote. Mimi nilikuwa pembeni na wanawake wengine. Mtu wa kamera akamuuliza nani amefunga ile injini.

"Mimi mwenyewe, wallahi."

Akaapa, na mimi namsikia. Kisha akaninyooshea kidole akicheka. "Yule dada yangu huniosheaga vyuma."

Nyumbani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Abaayo, dada yangu, nani ataleta lori lake kwa mwanamke? Nailinda gereji." Hooyo, mama yetu, akaniambia nisimwaibishe kaka yangu.

Juzi nilimwaga oili ya ile gari yake ya mashindano nikakuta unga wa chuma unang'aa. Beringi za krenki zinalika. Nikamwambia asiikimbize mpaka niifungue.

"Una wivu," akasema, akachukua funguo. Jumapili anashindana tena.

Nikiwapigia waandaaji wataniuliza nimejuaje, na nitalazimika kusema ukweli. Kaka ataonekana mtu aliyeapa uongo, wateja watakimbia, na hooyo hatanisamehe. Nikinyamaza, krenki ikikatika kwenye ile kasi, tutamzika.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kuna saa natamani ivunjike mbele ya watu wote, wamuulize imeharibika nini, akose jibu. Halafu nakumbuka atakuwa ndani ya gari, na yeye ndiye kaka pekee niliye naye. Najiogopa.

Ndugu zangu, msiniambie nisubiri, Jumapili iko karibu. Nishaurini, niseme au ninyamaze?