Aliyemwambia Mama Kwamba Ameachwa

Wengi nikiwasimulia jambo hili huniangalia, halafu huniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na jua lilikuwa bado halijazama. Wanaonijua hapa Kitengela watakuambia mimi si mtu wa kuamini mambo haraka. Nikiuziwa maziwa nayachemsha kwanza nione kama hayajaharibika, na mhubiri mgeni akisimama mbele yangu namtazama mikono kabla ya kumsikiliza. Kwa hivyo niamini nikisema niliyemwona nilimwona.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Vihiga baada ya kupooza upande mmoja. Alianza kutembea tena, lakini kwa fimbo, polepole, huku akishika ukuta. Aliokoka tangu usichana wake na hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Lakini ugonjwa ulimletea hofu moja, hofu ya kuachwa. Alishinda na redio mchana kutwa, na kwenye redio kuna wahubiri ambao bila kuwatisha watu na siku za mwisho hawana la kusema.

Kama umelelewa na watu waliookoka, hofu hiyo unaijua. Ni nani hajawahi kurudi nyumbani akakuta sufuria iko motoni na hakuna mtu, akadhani Bwana amekuja akachukua wote isipokuwa yeye? Sisi wengine huchungulia kwa jirani aliyeokoka sana, tukimwona anaanika nguo tunacheka na maisha yanaendelea. Mama hakuweza kucheka tena. Kila nyumba ilipotulia aliita kutoka chumbani, "Mko?" Nasi tulijibu, "Tuko, Mama." Tukichelewa kujibu, alilia.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Ilipokatika, mume wangu alienda na watoto mjini kuwanunulia viatu vya shule. Mama alikuwa amelala. Nikatoka mara moja kuchukua maziwa kwa mwenye ploti yetu, mama mzee Mmaasai ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama. Sasa kwa Yeyo hakuna kitu kinaitwa mara moja. Alinipa habari za ndama mgonjwa, akanipa za mkwe wake, na mimi nikakaa.

Niliporudi nilikuta geti wazi. Mlango wazi. Fimbo ya Mama ilikuwa imeegemea kitanda.

Nilitua maziwa nikakimbia nje, na mbali kidogo, pale ploti zinapoishia na mbuga kuanza, nikamwona. Alikuwa anatembea. Bila fimbo, wima, kama alivyotembea nilipokuwa mtoto. Kando yake alikuwa kijana aliyevaa koti la kahawia na kofia.

Unajua udongo mweusi wa huku baada ya mvua. Unashika kiatu mpaka unatembea na shamba zima mguuni. Mimi nilikuwa nimezama mpaka kwenye vifundo, miguu ya Mama ilikuwa imevimba kwa tope, lakini viatu vya yule kijana vilikuwa vinang'aa. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku, na sikuacha.

Nilipowafikia, Mama alinigeukia kwa huruma kubwa. Akasema, "Mwanangu, kumbe na wewe umeachwa."

Nilitaka kulia. Nilimshika mkono nikamwambia hakuna aliyeachwa, kwamba baba wa watoto yuko mjini na mimi nilikuwa kwa Yeyo. Hakunisikia. Kijana ndiye aliyenijibu, kwa sauti laini ya mtangazaji wa redio. Alisema Mama amechelewa lakini si sana, kwamba kuna kikundi cha mwisho kinakusanywa kule ng'ambo ya kilima, na giza lisiwakute njiani.

Nikamwuliza yeye ni wa kanisa gani. Akatabasamu. Nikamwuliza ametoka wapi, akasema ni mtoto wa hapa hapa Kajiado, amezaliwa Mashuuru. Moyoni nikawa nalitaja jina la Yesu, nikasikia ulimi umekuwa mwepesi, nikamwuliza lile nililotaka kuuliza.

"Hiyo nafasi ya Mama, ni nani aliitengeneza?"

"Ataitengeneza mwenyewe," akasema. "Akitembea mpaka mwisho."

Ndugu yangu, hapo nilijua, maana jina la Yesu lilimshinda kulitaja. Nimeketi kanisani miaka mingi na kuna mahubiri mengi nimeyasahau, lakini hilo moja silisahau, kwamba hakuna mtu anayetembea mpaka akaokoka. Tunaokolewa kwa kumwamini aliyekwisha kututengenezea njia. Huyu alikuwa anampeleka Mama wapi?

Nikamvuta Mama. Hakuvutika. Yeye mgonjwa, mwepesi kama kuku wa kienyeji, na mimi na nguvu zangu zote sikuweza kumsogeza.

Ndipo nikasikia Yeyo nyuma yangu. Nilikuwa nimesahau kifuniko cha mtungi wa maziwa kwake, akanifuata nacho, akaona getini hakuna mtu na nyayo zimeelekea mbugani. Alimsalimia kijana, "Sopa." Kijana akaitika vizuri kabisa, "Ipa." Nikamwambia Yeyo kwamba eti huyu ni mtoto wa Mashuuru. Yeyo naye amezaliwa huko huko. Akamwangalia, akangoja.

Nilijua anangoja nini. Huku mtoto akikutana na mzee huinamisha kichwa aguswe, ndiyo salamu, na kwa Yeyo hata wanaume wenye ndevu ni watoto. Sijawahi kuona kijana wa Kimaasai akihitaji kukumbushwa. Huyu alisimama tu na shingo yake.

"Leta kichwa," Yeyo akasema.

Kijana akasema muda umekwisha. Yeyo akanyoosha mkono, kijana akarudi nyuma. Akanyoosha tena. Mara ya tatu mkono ukatua juu ya kofia.

Ukashuka. Naapa sikudanganyi. Kofia ilibonyea kama mfuko usio na kitu, mkono wa Yeyo ukashuka mpaka kwenye kola ya koti, na uso ule tuliokuwa tukiongea nao haukuwepo. Yeyo alichomoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Kofia ikajiinua, na uso ukawa hapo tena, unatabasamu.

Akamwambia Mama kwa upole, "Ukiniita nitakuja." Kisha akaenda zake mbugani, bila haraka, na viatu vyake safi.

Miguu ya Mama ikaisha nguvu pale pale. Tulimrudisha kwa wilbaro ya Yeyo, wanawake wawili tukilia na kuomba, kila mtu kwa lugha yake.

Nilipokuwa namwosha miguu ndipo alinieleza. Aliamka, nyumba kimya, akaita, "Mko?" Na sauti getini ikamjibu, "Wameenda. Ni mimi niko."

Nilikasirika, si kwa Mama, kwa ile hofu iliyomfungulia mlango. Nikamwambia, "Mama, uliokoka ukiwa msichana. Ni nani alikuambia wokovu unaisha kama gesi?" Kisha akaniomba nizime redio.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Nyumba ikitulia alikuwa anasema polepole, "Yeye yuko," basi, halafu anaendelea kuchambua mboga zake. Hakuwahi kutembea tena bila fimbo, na hakusikitika. Mwaka jana alilala mchana, watoto wako shule, mimi niko nje naanika nguo, dirisha lake wazi. Ningesikia. Hakuita mtu. Nilipoingia nilikuta ameenda, na uso wake umetulia.

Mkono wa kulia wa Yeyo haujapata joto mpaka leo. Watoto wakimletea vichwa huwagusa kwa mkono wa kushoto na kuwaomba msamaha.

Na wewe unayesoma, jiweke tayari, hilo sikukatazi. Lakini Bwana akija hatatuma kijana wa kukuongoza mbugani jioni. Ukiamka ukute nyumba yako imenyamaza, omba kwanza. Usiulize nani amebaki. Juzi niliingia kwangu nikakuta kimya, mdomo ukanitoka kabla sijafikiri. Nikasema, "Mko?"

Watoto walikuwa kwa Yeyo. Lakini getini mtu alikohoa, kama anayejiandaa kujibu, na mimi nikalitaja kwa nguvu jina analoshindwa kulitaja yeye.