Machila ya Bwana Shauri na Mzee wa Upupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilizabwa kofi kwa kosa la kutembea vizuri. Ilikuwa kwenye boma la Lindi, zama za Mjerumani, na mimi kijana wa Kiyao mwenye mabega mapana na akili finyu. Niliingizwa chini ya mti wa machila pamoja na wenzangu watatu. Ninyi wajukuu zangu machila hamkuiwahi, basi nawaeleza: ni kitanda cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu, juu kina kivuli, pembeni mapazia, na ndani amelala mzungu. Watu wawili hubeba mbele na wawili nyuma, na wanne wengine hufuata mikono mitupu wakingoja zamu yao. Mimi nikaanza kutembea hatua sawa na wenzangu, kushoto kulia, kama nilivyowaona askari kwenye gwaride. Ndipo kofi la Nyapara Mkuu, msimamizi wa wapagazi wote, lilipotua.

"Unataka Bwana atapike?" akaniuliza. "Hatua zikilingana, machila hubembea. Kila mtu na mguu wake!"

Nyapara Mkuu huyohuyo alinifundisha kazi yote. Mtu wa mbele ndiye macho ya wote, kwa hiyo akiona kisiki huita "Kisiki!", akiona shimo huita "Shimo!", na akiona mtu njiani huita "Mtu!" Walio nyuma hawaoni kitu ila kisogo cha mwenzao, na huitikia tu. Nilipomuuliza tufanye nini tukimgonga mpita njia, alinijibu bila kufikiri: "Kwanza tazama ni nani. Pili tazama nani amekuona. Tatu, endelea na wimbo." Kwa miaka mingi hiyo ndiyo sheria ya barabara niliyoijua.

Baadaye nilihamishiwa Kilwa Kivinje kwa Bwana Mkubwa mmoja mwembamba aliyependa kutembea kwa miguu. Machila hakuitaka, lakini serikali ilikuwa imempa, na kitu cha serikali hakilali bure. Basi akampandisha mbwa wake. Nilimbeba mbwa yule miezi minane, na nasema bila haya kwamba katika mabwana zangu wote hakuna aliyekuwa na adabu kuliko yeye.

Kisha vikaja Vita vya Maji Maji. Humo sitakaa sana. Nitasema tu kwamba tulipita vijiji tulivyovijua kwa ngoma zake tukakuta majivu, na kwamba wapagazi hatukuimba muda wote ule. Vita vilipokwisha nilirudishwa Lindi nikafanywa nyapara wa machila ya Bwana Shauri. Huyo ndiye aliyekuwa akisikiliza kesi za watu na kuzikata.

Bwana Shauri alikuwa mnene, na alipenda kuandika kuliko kula. Alitoa amri kwamba kila tukio la barabarani aelezwe siku hiyohiyo, karani aliandike kitabuni, na kitabu kipelekwe kwa Gavana Dar es Salaam. Aliyegonga mtu alipata hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Aliyegonga akaficha alipata mara mbili. Kila tukirudi safari aliniuliza barazani, "Nyapara, tukio?" Nami nilijibu, "Hakuna, Bwana." Karani akaandika kwamba hakuna, na sote tukaenda kula.

Siku ya mkasa wenyewe tulikuwa tunampeleka Mchinga, alikokuwa na mashauri ya siku mbili. Jua lilikuwa kali, Bwana anakoroma ndani ya mapazia, na mbele alikuwa Bakari, fundi wa nyimbo. Alikuwa ametunga wimbo mpya juu ya tumbo la Bwana, kwa Kiyao, na ubeti wa tatu ulimchekesha mwenyewe mpaka akafumba macho. Hapo pembeni mwa njia mzee mmoja alikuwa ameinama anatoa mwiba mguuni, ametupa mgongo. Hakuna aliyeita "Mtu!" Ncha ya mti wa machila ikamsukuma pale anapokalia, akaruka kichwa mbele, akazama katika kichaka cha upupu. Bwana hata hakugeuka upande. Niliwaashiria wabebaji waendelee, nikabaki nyuma kumtoa mzee.

Upupu mnaujua. Vile vinyweleo vyake vikikugusa, utajikuna mpaka usahau jina la baba yako.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nikune hapo katikati ya mgongo, halafu ndiyo tusalimiane."

Nilimkuna. Akaniambia yeye ni Chinduli, Mmwera, wa Kitomanga, na kwamba sasa anakwenda Mchinga kunishtaki kwa huyohuyo niliyembeba. Kisha akanitazama vizuri.

"We ni Myao?"

"Myao, mzee."

"Ah! Mtani!" Uso ukamkunjuka. "Mbona hukusema mapema? Mtani hapelekwi bomani."

Sisi Wayao na Wamwera tulikuwa watani. Mtani wako akichukua kuku wako hadharani huwezi kufungua mdomo, na siku ya msiba wako huja kukucheza shere na maiti wako hajazikwa. Mtani hashtaki. Ila akikukamata na kosa, atataka jambo la kukuaibisha, na huna ruhusa ya kukataa.

"Basi sema, mzee. Unataka nini?"

"Nataka nibebwe. Humo humo mlimombeba yule, mpaka Kitomanga, mpaka mlangoni kwangu, Somoe anione. Ni mke wangu. Miaka thelathini ananiambia mimi si mtu wa maana."

Jioni tulifanya baraza letu wapagazi. Nikisema kwa Bwana, nitapigwa. Nikinyamaza nikamkatalia mzee, naye akasahau utani akasema, nitapigwa maradufu. Bakari, mwenye kosa lake, akatoa shauri: "Mzee mwenyewe ana uzito wa jogoo. Tumbebe yaishe." Nikakubali, Mungu anisamehe.

Alfajiri, Bwana akijiandaa kukata kesi za minazi, tulimwambia mpishi wake kwamba tunaipeleka machila kuoshwa. Mzee Chinduli alikuwa akitungoja nje ya mji, shuka lake lilelile aliloangukia nalo upupuni likiwa begani. Nilimwomba walau alikung'ute.

"Silikung'uti wala silifui. Huu ni ushahidi mpaka nifike."

Akapanda, akajinyoosha kwenye godoro la Bwana, akaagiza mapazia yafungwe. Alitaka ayafungue mwenyewe mbele ya mlango wake ili Somoe ashtuke. Njia nzima alituamuru kwa sauti ya kizungu, "Pesi pesi, nyapara!" nasi tukacheka mpaka mabega yakalegea. Sikumbuki safari nyingine ya machila iliyokuwa tamu namna ile.

Tulipoingia Kitomanga hatukusikia hodi wala karibu. Mchi ulikuwa umeangushwa kando ya kinu, nao bado unabingirika. Chungu kilikuwa kinatokota jikoni bila mtu. Mzee Chinduli akafungua pazia, tabasamu lake tayari usoni, akamwona mkewe kwa mgongo tu, kaniki inapepea, anaingia shamba la mihogo kwa mbio ambazo sikudhani mwanamke wa umri ule anazo.

"Somoe! Ni mimi! Chinduli!"

Hakusikia. Kijiji kizima kilikuwa kimeona machila, kikakumbuka mwaka wa vita, kikaingia porini. Bakari alicheka, nami nikacheka, na mzee naye akacheka kidogo. Kisha akashuka akakaa kwenye kizingiti chake.

"Nilijua wanamwogopa mzungu," akasema. "Sikujua wanaogopa hata pazia."

Niliuokota ule mchi, nikauegemeza kwenye kinu.

"Nendeni zenu, watani," akasema. "Mkikaa hapa hawatarudi."

Kesho yake mchana tulimbeba Bwana kurudi Lindi. Hatujamaliza mlima wa pili, machila ikaanza kutikisika yenyewe. Bwana alikuwa anajikuna. Alijikuna mgongo, akajikuna mapaja, akatusimamisha mara tatu godoro likaguliwe siafu. Bakari akaniangalia, nami nikaangalia bahari. Tulipofika, daktari alimpaka unga mweupe mwili mzima, akatoka barazani akiwa kama mhogo uliomenywa.

Mezani alikuta barua ya akida, yule mkubwa aliyewasimamia majumbe wa upande ule. Akaisoma huku anajikuna. Akida aliandika kwamba alipita Kitomanga akakuta watu wote wameingia porini, na sababu haijulikani.

"Kwa nini wakimbie?" Bwana akauliza. "Anayekimbia ana lake. Shaushi! Askari ishirini, kesho asubuhi, Kitomanga!"

Shaushi, mkuu wa askari, akapiga saluti. Bwana akanigeukia kama kawaida. "Nyapara, tukio?"

Karani alikuwa ameshachovya kalamu aandike kwamba hakuna. Wajukuu zangu, ulimi wangu ulikuwa umezoea neno lile kuliko ulivyozoea bismillahi. Lakini nilikuwa najua askari ishirini hufanya nini kijijini. Nilikuwa nimeyaona majivu. Nikamkumbuka yule mzee kwenye kizingiti chake, na mkewe mihogoni. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila janga hili nililichuma mimi na walioandaliwa kulila walikuwa watu wengine.

"Lipo, Bwana."

Kalamu ya karani ikasimama. Nikaeleza yote, toka mwiba mpaka kaniki. Nilisema walimkimbia nani, na kwamba ndani ya machila hapakuwa na mzungu ila mzee mmoja mwenye hamu ya kuonwa na mkewe.

Bwana alisikiliza. Kisha akauliza polepole, "Huyu mzee alianguka wapi?"

"Kwenye upupu, Bwana."

"Na baadaye akakaa wapi?"

"Hapo ulipokaa wewe, Bwana."

Mkono wake ulikuwa mgongoni unakuna, ukasimama hukohuko. Karani, ambaye hakuwa na huruma na mtu, akauliza, "Niandike vyote, Bwana? Na huko kujikuna?"

Nadhani hapo Bwana alimwona Gavana kule Dar es Salaam, amevaa miwani, anasoma. Akatutazama mmoja mmoja.

"Funga kitabu," akasema. "Hakuna tukio. Shaushi, rudisha askari." Akaanza kuondoka, akageuka. "Lakini machila ilikuwa chafu. Nyapara, viboko kumi na tano."

Nilipigwa palepale uwanjani, na kwa siku nne nililala kifudifudi. Viboko vya Mjerumani nilivipata vingi bila kosa. Vile kumi na tano sivilalamikii, maana kwa kweli machila ilikuwa chafu.

Miaka ikapita. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja na motokaa, na mabega yetu hayakutakiwa tena. Nilistaafu bila sherehe. Huwa naulizwa kama nina fahari na kazi ile ya kubeba watu waliokuwa na miguu yao. Sijui nijibu nini. Kuna siku naona nilipoteza ujana wangu chini ya mti, na kuna siku nacheka peke yangu nikimkumbuka yule mbwa wa Kilwa. Ila siku ile barazani nilisema "lipo", na hilo silijutii.

Mzee Chinduli alifariki nikiwa nimeshakaa nyumbani. Habari iliponifikia nilikwenda Kitomanga kwa miguu, kwani mtani hakosi mazishi. Jeneza lilipotolewa nikajiingiza mbele, bega chini ya mti, nikapiga kelele kama mtani anavyopaswa: "Pisheni! Kila mtu na mguu wake, Bwana Shauri asitapike!" Waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia. Watu walitoka kila nyumba, wakajipanga pande zote mbili za njia. Safari hii hakuna aliyekimbia.

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mhimili, maana wanawake hawaendi makaburini. Tulipompita alinishika mkono.

"Mtani," akasema, "mwambie nimemwona."